Kumi na Wawili wa Kambi ya Mpakani

Jumatatu saa mbili asubuhi, Kwamboka alikuwa akipiga pasi sare yake ya uuguzi, ghorofa ya kumi na nne huko Etobicoke, Toronto, kaka yake alipobisha hodi. Mogaka alikuwa koplo katika kambi ya jeshi mpakani, huko kwao, jangwani, mwendo wa siku mbili kutoka barabara ya lami. Waasi walikuwa wameivamia kambi hiyo alfajiri ya Ijumaa. Sasa alikuwa na tundu la risasi kifuani, na nyuma yake walisimama wenzake kumi na mmoja.

"Tuvue viatu?" aliuliza.

"Ingieni tu. Kuna baridi."

Waliketi sakafuni wakaomba maji. Kwamboka alijaza sufuria mara tisa. Maji yaliwatoka kwenye majeraha, naye akawa anapangusa. Alimshika kaka yake kifundo cha mkono kutafuta mapigo, kwa mazoea, kisha akakiachia.

"Tuliita makao makuu kwa redio saa saba nzima," Mogaka alisema. "Kila mara wanasema ndege inakuja. Risasi zikatuishia."

Eustache, Mkongo aliyesimamia jengo, alikuja kuuliza kuhusu mchanga kwenye lifti. Aliwatazama wale wanaume.

"Ni wa kwenu, mama?"

"Kaka yangu na wenzake."

"Kwetu pia wanakuja hivi," alisema, akaenda kuchukua ufagio.

Kwamboka akapiga simu makao makuu. Karani alikuwa na adabu. Alisema waliokufa kambini ni tisa. Hao kumi na wawili walitoroka.

"Hawakutoroka. Wamekufa. Ninao hapa."

"Hapo ni wapi, dada?"

"Toronto."

Karani aliandika. "Basi umethibitisha mwenyewe. Walivuka mpaka. Barua za kuzijulisha familia kwamba walitoroka tumeshazituma kwa machifu."

Kwamboka alimweleza kaka yake yote, bila kupunguza.

"Chifu atamsomea mama mbele ya watu," Mogaka alisema. "Mpigie asiende."

Simu ya mama ilipokelewa na jirani. Alisema mama ameiacha nyumbani; ametoka saa hii hii, amevaa gauni la kanisani, chifu amemwita kuhusu mwanawe. Mama alidhani anaenda kupewa pole.

Mogaka alisikia. Akarudi kuketi kati ya wenzake.