Shikamoo ya Kupe

Usiku wa jana niliota miguu ya nyuma ya mbwa wangu Boflo imekaa barazani, imekunja nne, inakunywa chai ya tangawizi.

Sikushangaa. Tangu juzi Boflo alikuwa anajikokota kwa miguu ya mbele tu, huku nyuma kumelegea kama kanga iliyoloa. Mwanangu Hiza alishasema, "Mama, kesho akiwa hajasimama, bwana mifugo atamdunga sindano ya kumpumzisha moja kwa moja." Nililala na neno hilo kifuani.

"Mbona mmekaa?" nikaiuliza miguu.

"Tunasubiri kuitwa, bibi," ukajibu wa kushoto. "Kichwa hakijatuita siku mbili."

"Kinawaita mpaka kimekauka sauti!"

"Basi njiani kuna mtu," ukasema wa kulia, ukaongeza sukari.

Mara baraza limekuwa mgongo wa Boflo. Natembea na malapa yangu katikati ya manyoya marefu kama mahindi, napanda kilima, nashuka kilima, mpaka shingoni. Hapo kuna mti umelazwa njiani. Nyuma yake maagizo ya kichwa yamepanga foleni: Simama ameketi juu ya mzigo wake, Tembea anatafuna muwa, Kimbia amelala fofofo.

Mlinzi wa kizuizi ni kupe, mnene kama gunia la maharage. Kiunoni amejifunga uzi wangu wa njano, ule uliopotea nikishona foronya. Mdomo ameuzamisha ardhini, kwa hiyo anaongea kwa pua.

"Fungua njia," nikamwambia.

"Salamu kwanza."

"Hujambo."

"Mimi mkubwa wa kituo. Nataka shikamoo."

"Shikamoo? Nina wajukuu kumi na mmoja, na wewe umezaliwa masika haya haya!"

"Basi simama hapo hapo."

Simama akainuka mbio, akidhani ameitwa. Akaketi tena, uso umemshuka.

Miaka sabini sijamwamkia mdogo wangu, sembuse mdudu. Lakini nikaikumbuka sindano ya Hiza. Nikakumbuka Boflo alivyomfukuza fisi zizini na mbuzi wote wakabaki. Nikashika magoti.

"Shikamoo, mkubwa wa kituo."

Kupe akavimba kwa raha. Na kwetu, hata mliogombana, shikamoo haiachwi bila jibu. Wala haijibiwi kwa pua. Akaung'oa mdomo ardhini, akaupanua.

"Mara-ha-baaa!"

Hakuna tena kilichomshika. Akabingirika kilimani, bado anaitikia. Maagizo yakanipita mbio, Tembea akaniachia muwa wake mkononi.

Nikaamshwa na kelele za Hiza uani.

"Mama! Njoo umwone mbwa wako, ananinywea chai!"

Boflo amesimama kwa miguu minne. Ya nyuma inatetemeka kidogo, lakini mkia unapiga ndoo kama ngoma.

"Mpigie bwana mifugo," nikamwambia Hiza. "Mwambie aje na dawa ya kupe, sindano aiache huko huko."

"Umejuaje kama ni kupe?"

Nilikuwa nimevaa miwani, nimeinamia gunia analolalia Boflo. Palikuwa na kupe mmoja, mnene, chali. Kiunoni kafungwa uzi wa njano.

Nikaufungua uzi wangu. Na shikamoo yangu nikaichukua.