Miguu ya Kabati

Kama Ndayisenga angejichagulia mwenyewe tangu mwanzo, Verediane asingekasirika vile. Lakini ni huyohuyo Ndayisenga, mkuu wa chama cha wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, aliyemtuma karani wake kwa Viateur seremala akachague kitu cha kuwekea kioo cha kompyuta mpya. Alisema Verediane ndiye atakayeitumia. Verediane akaenda, akaketi pale karakanani, Viateur akampima kutoka mezani hadi machoni. Wakapatana kibao kifupi cha kukaa juu ya meza, basi.

Kilicholetwa ofisini ni kabati la televisheni. Lilikuwa na miguu mirefu, vanishi ya kung'aa, milango miwili yenye kufuli, na juu yake kitambaa cheupe cha kufuma, kama la sebuleni. Ndayisenga alikuwa amepita kwa Viateur kimyakimya na kubadili kila kitu. Verediane alipouliza, alijibiwa mbele ya watu.

"Bon, ile machine iko ya kuonekana. Mutu akiwa ku mulango, aione. Haiwezi kukaa chini sawa viazi."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ndayisenga hakuwahi kuchapa hata jina lake. Kazi yake ilikuwa kufungua milango ya kabati asubuhi, kutia ufunguo mfukoni na kuleta watu watazame. Verediane ndiye aliyeshinda hapo, vidole mezani, kichwa juu kukitazama kioo kabatini, kama kuku anayemeza maji. Jioni shingo ilikuwa gogo, hawezi hata kuinama kumwogesha mwanawe. Alilalamika, akaambiwa atazoea. Alipolalamika tena, mkuu alicheka na kusema mjini kuna wasichana wengi wenye shingo nzima wanaotafuta kazi. Neno lile lilimchoma. Alilala na hasira, akaamka nayo.

Siku wageni walipoalikwa kuiona kompyuta, Ndayisenga alivuka mpaka mapema kwenda kuwachukua Goma. Verediane akamwita Viateur aje na msumeno. Viateur alisita, maana kabati lile lilikuwa jasho lake. Verediane akamwambia yeye na mlinzi walishikilie tu, kukata atakata mwenyewe. Akakata miguu yote minne, na kila mmoja ulipoanguka alitamani ungekuwa na mwenzake wa tano.

Wageni walinywa chai uani, kisha wakaingia na vikombe vyao mkononi, Ndayisenga mbele na ufunguo wake. Akasimama ghafla. Kabati lilimfika kiunoni. Alipolifungua, wageni waliokuja kuona maajabu walilazimika kuinama. Verediane akaketi kitini pake, na kwa mara ya kwanza kioo kikawa sawa na macho yake.

"Nani amekata hii kabati?"

"Ni mimi, patron. Ilikuwa miguu yake ao shingo yangu."

Ndayisenga alimsogelea. Kwa sauti ya chini, kwa ajili ya wageni, alitaka kujua miguu iko wapi, Viateur airudishe leo hii kabla jua halijatua.

Verediane alitazama kikombe alichoshika mkuu wake, kilichobaki nusu.

"Makala ya jiko iliisha, patron. Ile chai munakunywa, niliipika na ile miguu."

Kisha akakigeukia kioo, shingo imenyooka, akaanza kuchapa.