Remorki Iliyong'aa Kupita Kiasi

Dereva wa samaki ndiye aliyeleta habari Elisabethville: kule Kilwa ya ziwani, mama yake Chileshe hainuki tena kitandani, naye anamtaka mwanawe aje apuliziwe mate ya baraka kabla hajafumba macho. Baraka ile haitumwi kwa mtu. Mzazi humpulizia mtoto kwa kinywa chake mwenyewe, na asiyeipata hutembea duniani kama asiye na kwao. Chileshe alilijua hilo, likamnyima usingizi.

Lakini mvua zilikuwa zimeanza, na malori ya samaki yameacha kwenda ziwani. Aliyebaki ni bwana wake, Lambrechts, Mbelgiji mnunuzi wa samaki. Huyo alikuwa na lori la nguvu na remorki ya alumini, nyumba ya magurudumu aliyolala ndani yake kila alipokuwa safarini. Remorki ilikaa uani miaka, jua na mvua vikaipiga hadi ikafanya ukungu mweupe kama chaki.

"Toa ile bweupe, basi," Bwana akamwambia. "Ikitoka, lundi tunaenda ku Kilwa, na we na bibi yako." Jumatatu, basi, wangeondoka.

Sasa, Chileshe alilelewa na masista, akisugua vinara vya altare, na masista walimkanya kwamba kazi haijaisha mpaka uone uso wako ndani yake. Angewezaje kufanya nusu? Akaosha kwa sabuni. Akapitisha msasa wa maji, mkali kwanza, kisha laini, akifuata upande mmoja kama anayechana nywele. Akapaka dawa, akasugua kwa kipande cha blanketi. Weusi ukatoka, ukamwingia kwenye kucha. Akanyunyiza unga wa kunyonya mafuta, akamaliza kwa nta. Kila bamba lilipong'aa alijiona amemkaribia mama yake. Maskini, alidhani anajilipia njia!

Jumamosi Madame, mke wa Bwana, akatoka nje, akashika mashavu.

"Mais c'est un miroir!"

Akaita majirani waje waone kioo hicho. Wakaja na glasi zao mkononi, wakajitazama kwenye ubavu wa remorki, wakatengeneza kofia. Bwana akaizunguka polepole, halafu akatikisa kichwa.

"Hii haiwezi kuingia mu potopoto, mu matope ya Kilwa. Madame anaitaka hapa, bageni baione. Tutaenda kisha mvula."

"Bwana, mama yangu iko anakufa. Mvula ikiisha, batakuwa bamekwisha kumuzika. Twende na lori tu."

"Na mi nitalala wapi? Chini ya lori?" Bwana akacheka, wala hakuwa na chuki yoyote. Akampiga begani. "Kazi muzuri sana, Chileshe. We ni fundi kweli."

Chileshe akasikia kinywa chake kinasema, "Merci, Bwana." Asante ya punda ni mateke, husema watu, lakini hapa aliyepigwa teke ndiye aliyeshukuru. Aibu ile ilimuuma njia nzima ya kurudi.

Nyumbani, mkewe Adolphine alikuwa amekwisha kukaanga karanga za safari na kufunga mizigo. Alipouona uso wa mumewe akaacha kamba.

"Mama amekufa?"

"Hapana. Bado."

"Sasa unalia nini?"

Chileshe akaketi chini, mikono yake myeusi juu ya magoti. Alitafuta wa kumlaumu, akajikuta peke yake.

"Ingebakia buchafu kidogo, Adolphine," alisema, "tungeenda."