Njia ya Kisimani Ilivyopelekwa Mjini

Saa mbili asubuhi Alute alikuwa ameshaipita Ilongero, anaisukuma baiskeli yake ya Foniksi kwa mkono kwa sababu mzigo wa nyuma ulikuwa mzito. Alikuwa ameufunga kwa mipira minne. Ulikuwa mnene kama ngozi tano za ng'ombe zilizokunjwa pamoja, rangi ya vumbi, na kila gurudumu lilipogonga jiwe ulidondosha mchanga. Mara moja ulidondosha jongoo, akaenda zake.

Mwanamke aliyekuwa anaanika alizeti kando ya barabara akamsalimu.

"Shikamoo baba. Umebeba nini?"

"Marahaba. Njia."

"Ya wapi?"

"Ya kisimani, kule kwetu Unyakhoi."

"Haya, safari njema," akasema, akaendelea kugeuza alizeti zake.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mashirika yanauzwa kama mitumba. Kati ya Unyakhoi na kisima palikuwa na shamba la mbegu la shirika, na enzi za shirika watu walilikata katikati bila kuulizwa na mtu. Shamba likauzwa kwa bwana mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Kwanza zikaja nguzo, halafu ikaja seng'enge ya kufungwa Ijumaa. Kulizunguka shamba lile kwenda kisimani na kurudi ni saa nne, na dumu kichwani.

Kijiji kikaita mkutano. Akaja bwana ardhi, kijana anaitwa Sixbert, mpole, akatandaza ramani mezani na kusema kwamba njia ya kisimani haipo.

Theodora, jirani yake Alute, ndiye aliyekuwa amemkaribisha maji. Akasimama. "Mwanangu, hayo maji uliyokunywa sasa hivi yamepita wapi?"

Sixbert akaangalia ndani ya kikombe. "Mama, mimi nafuata ramani. Mwenye ushahidi aulete ofisini kabla ya Ijumaa kuisha."

Alute alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kwenye ghala la ngozi la ushirika, mpaka ushirika ulipokufa. Alijua kupanga ngozi kwa madaraja, kuzitia chumvi, na zaidi ya yote alijua kukunja. Basi Ijumaa asubuhi, mafundi wa seng'enge hawajafika, alipiga magoti mlangoni pake akaanza kuikunja njia, nyayo zikiwa upande wa ndani, hatua elfu mbili na mia tatu, hadi kisimani. Nyuma yake pakabaki udongo mwekundu, mbichi, kama mnyama aliyechunwa. Kisimani hakumkuta mtu. Alidhani mkewe Martina yuko kwa Theodora anatwanga uwele.

Sasa, alipokuwa ameiacha Ilongero kama nusu saa, mzigo ukamwita.

"Baba Eliana."

Akasimamisha baiskeli.

"Mbona leo nyumbani mbali hivi?"

"Kumbe uko njiani?"

"Nitakuwa wapi tena, na dumu kichwani?"

Martina alikuwa ameamka mapema kuwahi foleni, na Alute alipokuwa anakunja, yeye alikuwa anarudi, yuko nyuma ya kichuguu, pale njia inapopinda. Mkunjo ulimpitia kama ulivyopitia changarawe.

"Nimeikunja njia," Alute akasema. "Naipeleka ofisini, ni ushahidi."

Maji yakasikika yakicheza ndani ya dumu.

"Ulianzia wapi kukunja?"

"Nyumbani."

"Kwa hiyo nyumbani ndiko kuko ndani kabisa, huko katikati, na mimi ndiko ninakokwenda. Miaka kumi na tisa ghalani, baba Eliana! Kinachotakiwa kwanza si ndicho kinachokunjwa mwisho?"

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka," Martina akasema, kama mtu anayetaja jina la mlevi wa ukoo.

Alute akafikiri kurudi. Lakini saa ile mafundi walishakuwa wameanza kufunga waya, na bila karatasi hakuna ambaye angemruhusu kuitandika njia mahali pake. Isipotandikwa mahali pake, Martina hafiki. Akamwambia hivyo. Martina naye akaona hivyo.

"Basi twende. Ila usikae kupiga soga, watu wanasubiri maji."

Ofisini Sixbert aliifungua hatua arobaini kwenye korido. Watu waliokuja kuulizia viwanja wakairuka kwa adabu. Aliipima kwa futi, akakwangua ukingo wake kwa kucha, akainusa. Halafu akachukua fomu.

"Hii ni barabara?"

"Hapana."

"Palio la mifugo?"

"Mbuzi wanapita, lakini na sisi tunapita."

"Uchochoro?"

"Uchochoro unapita kati ya nyumba. Huku hakuna nyumba."

"Sasa hii ni njia ya nini, mzee?"

"Ya kupita."

Sixbert akaandika: *nyinginezo*.

"Na kuna mtu ndani," Alute akasema. "Mke wangu."

Sixbert akainama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kikao chenu kinaisha saa ngapi?"

"Tunalishughulikia, mama," Sixbert akasema. Akaongeza kwenye fomu: *pamoja na mtu mmoja*, akagonga muhuri, na njia ikapelekwa stoo kusubiri ukaguzi.

Ilisubiri miezi kumi na moja. Kila Alhamisi Alute alikuja na baiskeli, akakaa kwenye debe lililopinduliwa, akaongea na mkewe. Kwake Martina ilikuwa bado asubuhi ile ile. Aliuliza kama kuku wamefunguliwa. Alute alisema wamefunguliwa. Aliuliza kama ule moto wa mlenda ameuzima. Alisema ameuzima, na kweli alikuwa ameuzima, mwaka uliopita.

Alhamisi moja akamwambia, "Eliana amejifungua kule Manyoni. Mtoto wa kike."

"Eliana gani? Huyu aliyeolewa juzi?"

"Siku zimekwenda, mama Eliana."

"Huku hazijaenda." Dumu likacheza. "Wamempa jina gani?"

"Martina."

Akasema, "Waambie mimi sijafa. Niko njiani."

Mwezi wa kumi na moja Sixbert akamwita mezani. Alikuwa amenunua miwani.

"Mzee, nimekwenda mwenyewe. Nimetembea shamba zima, kona hadi kona. Njia hakuna."

"Si iko stoo kwako?"

"Ndiyo, iko stoo. Kwa hiyo shambani haipo."

"Basi nipe nikaitandike, uje uione."

"Utaitandika kwenye shamba la mtu kwa kibali gani?"

"Cha kwako."

"Kibali natoa pakiwa na njia." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anasikitika, na karani wake alisema baadaye kwamba siku hiyo hakula mchana. "Ungeiacha pale pale, mzee, ningeiona. Halafu naomba uichukue leo. Stoo imekodishwa, kuna mtu anauza vipuri anahamia kesho."

Alute akatia dole gumba kwenye fomu, akaifunga njia kwa mipira minne, akaondoka.

Hakwenda mbali. Nje ya mji barabara imenyooka, na ilikuwa Alhamisi watu wako mashambani. Akashusha mzigo, akaitandika njia yote kando ya lami kuanzia mwisho wa kisimani, hatua elfu mbili na mia tatu. Jua lilikuwa limeelekea kichwani alipofunua kipande cha mwisho, kile cha mlangoni pake. Akakaa chini kusubiri.

Martina akatokea kwa mbali, dumu kichwani, na kanga yake ya kijani. Alitembea kama mtu asiye na deni na ardhi. Alipofika mwisho akanyoosha mguu kushuka. Mguu haukupata chini. Akaurudisha.

"Mlango uko wapi?"

"Uko nyumbani."

"Basi nitashukia nyumbani." Akamwangalia. "Umekonda. Na mvi hizi umezitoa wapi tangu asubuhi?"

"Mjini," Alute akasema.

Akamwinamishia dumu, Alute akakinga mikono, akanywa. Maji yalikuwa bado na baridi ya kisima.

"Sasa kunja tena," Martina akasema. "Anzia kule kisimani."

Alianzia kisimani, Martina akirudi naye hadi huko. Kila alipofikia kipande kigumu Martina alimwelekeza: kaza hapo, nyoosha huo ukingo, usivunje kichuguu. Mkunjo ulipomfikia alikuwa ameshika kiuno. "Ndivyo ngozi inavyokunjwa," akasema, ukampitia.

Jioni Alute alikuwa Unyakhoi. Kutoka mlangoni pake hadi kwenye seng'enge ni hatua sitini. Mlinzi wa shamba, Melkiori, mtu wa kijiji hicho hicho, akaja kusimama upande wake wa waya na rungu.

"Shikamoo mzee. Huku ndani sina ruhusa."

"Marahaba. Sijaomba ndani."

Akaiweka ncha ya njia kizingitini, akaanza kuifunua. Ikakaa mahali pake kimya, kama mtu anayerudi kitandani kwake. Kwenye hatua ya sitini ikagota kwenye waya, ikakataa kuendelea. Martina akatoka kwenye mkunjo, akazitembea hatua zile sitini, akatua dumu mlangoni. Melkiori akamwamkia. Theodora akaja na kikombe.

"Umechelewa," Theodora akasema.

"Huyu alikunja vibaya," Martina akasema. Halafu akageuka, akaona waya. Akauangalia kwa muda wa kutosha mtu kuhesabu nguzo. "Kwa hiyo hawajautoa."

"Hawajautoa," Alute akasema.

Maji ya dumu lile waliyanywa siku nne, na Theodora naye akinywa. Siku ya tano Martina aliamka mapema, akabeba dumu tupu, akalizunguka shamba kama wanawake wengine, saa nne.

Alute aliishi miaka sita zaidi akafa kwa kifua. Eliana alimleta mtoto, Martina mkubwa akamshika Martina mdogo, wakatazamana. Sixbert alihamishiwa Manyoni, akapanda cheo. Melkiori alilinda miaka mitatu bila kumwona mwenye shamba, na hakuna aliyelima humo hata tuta moja, yakaota magugu tu. Akaacha kazi akaenda kufuga nyuki Rungwa. Theodora aliumia mgongo kwa kuzunguka, sasa anatembelea fimbo. Martina bado anateka maji. Njia iliyobaki imeegemea waya hapo hapo, imekunjwa vizuri, imeota nyasi, na kuku wanatagia ndani yake.

Miaka michache baadaye walikuja wapimaji wengine wakachora ramani mpya. Safari hii njia ya kisimani imo. Inaanzia mlangoni kwa Alute na kuishia kwenye seng'enge, hatua sitini.