Chambo Bila Kizungushi

Chumba cha kufungia vyambo kilikuwa chini ya kliniki ya meno, kwa hiyo kutwa nzima wafungaji walisikia watu wakiguna juu ya dari, na walishazoea. Meza ilikuwa moja, ndefu. Huku vyambo vya bati, vyembamba kama majani, kila kimoja na ndoana mkiani, huku mshipi. Mfungaji alipitisha mshipi kwenye tundu la chambo, akauzungusha juu ya mshipi wenyewe, akarudisha ncha, akalowanisha fundo kwa mate lisiungue, akakaza. Mate ndiyo kazi yenyewe. Mwenye kinywa kikavu alipelekwa kubandika lebo.

Zamani, kati ya chambo na mshipi kilikaa kizungushi: pete mbili ndogo za chuma zilizoshikana kiunoni, kila moja inazunguka kivyake. Chambo cha bati kikivutwa majini kinazunguka kama kichaa, kizungushi kinaumeza ule msokoto, mshipi unatulia. Halafu asubuhi moja bosi akasema samaki wa siku hizi wajanja, wakiona chuma cha ziada wanakimbia. Vyambo vifungwe moja kwa moja. Gunia la vizungushi likawekwa kwenye mlango wa stoo ili upepo usiubamize.

"Na msokoto utaenda wapi?" aliuliza mfungaji wa mwanzo wa meza, mke wa kinyozi.

"Utaenda zake," alisema bosi.

Ukaenda. Ulipanda na mshipi, ukafika mkononi mwa mvuvi, ukaingia.

Kinyozi alivua darajani kila alipofunga duka, na hakutumia chambo ila kilichofungwa na mkewe. Kwanza vifungo vya shati lake vilihamia ubavuni. Baadaye akawa anafika dukani kwake upande upande, kama kaa. Wateja hawakulalamika. Aliendelea kuwaona kwenye kioo, pengine vizuri zaidi. Mama yake akimfungulia mlango alisalimia mgongo, kisha akazunguka akasalimia na uso, asionekane ana upendeleo.

"Acha kuvua, mwanangu."

"Nitaacha Jumatatu, mama."

"Jumatatu ipi?"

"Hiyo hiyo."

Darajani wavuvi wote walishageuka, migongo kwenye maji, nyuso kwenye magari, na walivua vile vile. Mstaafu wa posta, aliyevua kuliko wote, alisokoteka mpaka akawa kama mwavuli uliofungwa. Jumapili moja alipiga chafya, akafunguka mwili mzima kwa mkupuo mmoja. Wachimba kaburi waliambiwa wachimbe pana. Bosi alituma shada la maua.

Mke wa kinyozi aliyaona yote hayo na akaendelea kufunga. Mume ni mtu mzima, akijitakia kajitakia. Lakini kinyozi ndiye aliyempeleka binti yao shule kila asubuhi, wameshikana mikono. Asubuhi moja mama alimkuta mtoto kasukwa, mistari imenyooka, nywele zimekaza. Akamshukuru bibi, mama wa kinyozi.

"Mimi? Sijagusa kichwa cha mtu," alisema bibi.

Kesho yake misuko ilikuwa imekaza zaidi, hata nyusi zimepanda. Haukupita muda mtoto akawa anaandika kiganja kikitazama dari.

"Inauma, mwanangu?" alimuuliza.

"Haiumi. Ila mwalimu anasema niandike kama watu."

Mama akauangalia ule mkono mwembamba, akamkumbuka mstaafu wa posta. Akawakataza baba na mtoto kushikana mikono. Haikusaidia. Msokoto ulishaijua njia: ulipita kwenye kikombe baba alichompa mwanawe, ulipita kwenye shuka.

Akaenda kwa bosi. Ukutani ofisini ulining'inia mshipi wa bosi mwenyewe, na chambo chake, na katikati kizungushi kinang'aa. Bosi akaona anapotazama.

"Hicho cha zamani," alisema.

"Lakini tunavyo gunia zima, bosi. Pale mlangoni."

"Sasa mlango nao nitauzuia na nini?"

Jioni, akitoka, aliinama kama anayefunga kiatu, akachomoa kizungushi kimoja kwenye gunia, akakiweka shavuni. Alitaka akifunge kwenye mshipi wa mumewe. Mlinzi alikagua mikoba, si mashavu.

"Shemeji, leo hata salamu?" alisema mlinzi. Hakuwa shemeji yake. Alikuwa shemeji wa kila mwanamke aliyepita getini.

"Za kwako," alijibu, na kizungushi kikashuka kooni.

Nyumbani alikaa mezani katikati ya mume na mtoto, akawashika mikono. Kitu kikagonga chini ya mbavu, tik. Kiuno kikaanza kuzunguka, taratibu, miguu imetulia chini ya meza. Misuko ya mtoto ikalegea. Kiganja kikageuka chini. Vifungo vya kinyozi vikarudi kifuani.

"Si niliwaambia Jumatatu itafika?" alisema kinyozi. Kesho yake akaenda kuvua.

Tangu hapo mama hukaa katikati, na kila kinachotoka kwa baba huishia kwake. Kiuno hakisimami: humimina chai akizunguka, kila anapopita, na hakosei kikombe. Akilala, mashuka humzunguka mpaka bibi aje kuyatoa. Mtoto, mama akimfikia, humsimulia kidogo ya shuleni, kisha husubiri arudi tena ndipo aendelee.

Kazini, fundo likawa linajifunga lenyewe. Alishika chambo, akashika ncha, kiuno kikafanya yaliyobaki, yeye kazi yake mate tu. Mchana alikuwa amemaliza vyambo vyake na vya jirani yake, mwanamke waliyemwita Redio.

"Shoga, kaa hivyo hivyo," alisema Redio. "Mie natangaza tu, wewe unafunga."

Bosi akaja kusimama nyuma yake, ingawa nyuma yake hapakukaa nyuma. Alitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Ulianzaje?"

Akamweleza yote, mpaka wizi. Bosi hakukasirika.

"Uliumia?"

"Hapana."

Wiki iliyofuata mlango wa stoo ulizuiwa na tofali, na vizungushi vikarudi mezani. Wafungaji walipiga vigelegele. Kisha wakaona kila kimoja kimewekwa peke yake kwenye kisosi, pembeni glasi ya maji. Vyambo vilikuwa vimepangwa upande ule mwingine, vya kufungwa moja kwa moja, kama jana.

Redio alikiinua chake kwenye mwanga. "Cha kutafuna au cha kumeza?"

"Kumeza," alisema bosi. "Nyumbani nani anavua?"

"Hakuna. Mume wangu anaogopa maji."

"Una watoto?"

"Ninaye mmoja."

Bosi akamwekea mbele chambo kimoja na mshipi uliokunjwa vizuri. "Mpelekee." Mke wa kinyozi aliona mpaka hapo, halafu kiuno kikamgeuza ukutani. Aliporudi, glasi ya Redio ilikuwa tupu.