Hapana ya Mzee Lugembe

Asmahani alipotoka kwao Isevya kwenda Kaliua alijiona anaijua kazi yake. Alikuwa amesomea sosholojia, na kamati ya maadili ya utafiti ndiyo iliyotaka mtu wa aina yake awepo. Akae pembeni wagonjwa wanapoombwa ridhaa, asikilize kama mtu kakubali kwa moyo wake au kaburuzwa. Yeye akisema hapana, hachomwi mtu sindano. Kazi nyepesi, alidhani. Weee, kazi nyepesi iko wapi siku hizi.

Siku hiyo aliyeitwa ni mzee Lugembe, mrina asali wa Kinyamwezi, aliyeugua malale akatibiwa akapona. Watafiti walitaka kumchoma tena mgongoni, watoe maji ya uti wa mgongo wakayachunguze. Yeye mwenyewe hakuwa na faida yoyote hapo, na akikataa hapotezi kitu. Muuguzi Abbasi akamweleza yote hayo vizuri kabisa, kisha akaharibu. Abbasi ni Mzaramo wa Kisarawe, na Mzaramo akikutana na Mnyamwezi ulimi hautulii; ni watani hao tangu enzi za misafara.

"Mpagazi we, babu zako walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani kwetu, wewe kasindano tu kanakutoa jasho?"

"Sitaki," mzee akajibu, mbavu hana kwa kicheko. "Maji ya mgongo wangu ukayachezee ngoma? Kamchome bibi yako."

Wakacheka wote wawili, na huku anacheka, mzee akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Asmahani akaitazama ile karatasi. Kakataa kwa mdomo, kakubali kwa kidole. Ashike lipi? Mtani hanuniwi wala hanyimwi, hilo alilijua tangu utotoni, ila chuoni hakuna aliyemwambia ridhaa anayopewa mtani inahesabiwaje.

Akafanya alichofundishwa. Akamtoa Abbasi nje, akasogeza kiti.

"Shikamoo babu. Utani tuuweke kando. Wewe mwenyewe unataka?"

"Marahaba." Kicheko kikakauka. Mzee akavua kofia, akaikunja magotini. "Ninyi ndio wenye elimu, mama. Mkiona inafaa, sawa."

"Hata ukikataa, hakuna atakayechukia."

"Sawa, mama."

Kila alichouliza alijibiwa sawa. Mwisho akamwita daktari Majidi, mwenye kuchoma sindano, akamwambia mzee kasema sawa kila mara. Mzee akapanda kitandani, akalala ubavu, akakunja magoti bila kuambiwa mara mbili. Ndipo Asmahani alipouona mkono wake umeng'ang'ania ukingo wa godoro.

Zile sawa zote zilikuwa heshima tu? Au mzee anaogopa kama mtu yeyote anavyoiogopa sindano aliyokwisha kuikubali? Hakujua, na kule kutojua kulimtia hasira, hata hakujua amkasirikie nani.

"Abbasi, ingia," akasema. "Muulize tena. Muulize vilevile, na matusi yako."

Abbasi akamtazama daktari, akaona hazuiwi. "Mpagazi, bado upo? Nilidhani umeshakimbilia porini kwa nyuki wako."

"Nimekwambia sitaki, we Mzaramo," mzee akasema, kawapa mgongo, sauti imejaa kicheko. "Hukusikia? Sitaki."

"Anatania huyo," daktari Majidi akasema, pamba ya spiriti mkononi. "Wewe mwenyewe kakwambia sawa, tena na tena."

"Weka sindano chini."

"Una uhakika?"

"Sina," Asmahani akasema. "Weka chini."

Mzee akaketi, akavaa shati lake polepole. Alipofika mlangoni akasimama mbele ya Asmahani, kofia mkononi, macho chini. Yule mcheshi wa sasa hivi hakuwepo tena.

"Usinikasirikie, mama," akasema. "Ukitaka nije kesho, nitakuja."