Riboni Nyekundu za Gari la Mazishi

Gari nililokuwa nikiendesha miaka hiyo halikuwa langu wala la kampuni. Lilikuwa la chama chetu cha mazishi, sisi watu wa Magharibi mwa Kenya tunaoishi Shauri Moyo, Ziwani na kandokando. Tulilinunua kwa sababu moja tu: mtu wetu akifa Nairobi, azikwe nyumbani. Ijumaa jioni tunapakia jeneza, Jumamosi tunazika, Jumapili tunarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Siku nyingine gari lilikaa katika uwanja wa kanisa Ziwani, kuku wakijilalia chini yake.

Lilikuwa basi dogo la Isuzu, kuukuu. Nyuma, upande wa kushoto, tuling'oa viti ili jeneza lipate nafasi. Tukiwa na maiti tulifunga riboni nyekundu kwenye vioo vya pembeni na kwenye ngazi ya nyuma, na barabara nzima ikajua. Madereva walipunguza mwendo. Wanaume walivua kofia. Tukimaliza, riboni zilirudi kwenye kisanduku kando ya usukani. Hiyo ilikuwa sheria ya Mzee Kweyu, mwenyekiti wetu: riboni hazifungwi pasipo msiba.

Mume wa Asenath, mwanachama mwenzetu wa Shauri Moyo, alisafiri safari yake ya mwisho katika gari hilo, nami nikiendesha. Alimwachia Asenath binti mmoja, Everline, ambaye sasa alikuwa mwanamke mzima wa miaka ishirini na kitu. Everline alizaliwa akiwa mzito wa kuelewa. Maneno yake yalikuwa machache, na kila jambo kwake lilichukua muda: kuvuka mtaro, kujibu salamu, kuketi. Ukimpa huo muda, anafanya. Usipompa, hafanyi, na hapo hata umvute vipi.

Shauri Moyo watu hawana muda. Siku moja lori lilimpigia honi Barabara ya Jogoo, naye akaketi papo hapo katikati ya lami, viganja masikioni, mpaka mpita njia mmoja akambeba kama gunia. Tangu siku hiyo Asenath akienda kuuza mitumba soko la Gikomba alimfungia ndani kwa kufuli. Majirani walimsikia akiimba humo. Walisema afadhali anaimba.

Kisha akatokea Kalekye, mwanamke wa Kikamba aliyefungua karakana ya watu kama Everline kule Industrial Area, nyuma ya bohari la kamba za katani. Walisuka kamba, wakafunga vitambaa vya kupigia deki, wakanywa chai pamoja. Siku ya kwanza Asenath alimpeleka Everline kwa miguu, hatua kwa hatua, akafika sokoni wateja wameshaondoka. Siku ya pili alijaribu gari la matatu. Makanga, yule utingo wa mlangoni, alipiga ubavu wa gari kwa kofi, kama wanavyofanya, na Everline akaketi kwenye ngazi ya mlango.

"Mama, ondoa mzigo wako, tuna wasafiri," makanga alisema.

Wakaachwa kituoni.

"Nafasi yake nitaishikilia mpaka mwisho wa mwezi ujao," Kalekye alimwambia Asenath. "Lakini aje kila siku. Kuna wengine wengi wamefungiwa majumbani kama yeye."

Asenath alinikuta chini ya gari nikipaka grisi. Niliona viatu vyake tu.

"Shemeji Opicho, hili gari hukaa hapa likingoja nini?"

"Linangoja watu wafe."

"Na sisi ambao hatujafa?"

Nilitoka chini ya gari. Nikajipangusa mikono.

Jumapili tuliipeleka habari hiyo kwenye mkutano wa chama. Kalekye alikubali kutafuta mafuta ya gari. Dereva nilikuwepo. Lakini Mzee Kweyu alisimama na fimbo yake.

"Gari la wafu likibeba wazima, linazoea," alisema. "Leo linawachukua Industrial Area. Kesho litataka kuwachukua kwa safari ile nyingine."

"Mzee, ni Isuzu," nikasema. "Halijui anayepumua na asiyepumua."

"Wewe umesomea wapi habari za magari na wafu?"

"Niliacha shule darasa la nne."

"Basi kaa chini."

Watu walicheka, lakini walimhurumia Asenath. Wakasema tujaribu mpaka huo mwisho wa mwezi ujao, halafu mwenyekiti atoe neno la mwisho. Kweyu hakuficha kwamba neno lake alikuwa nalo tayari.

Asubuhi ya kwanza niliharibu kazi. Nilisimama mbele ya mlango wa Asenath nikapiga honi, kama mtu yeyote anavyopiga, na Everline akaingia chini ya kitanda. Kesho yake sikupiga. Nilizima injini, nikafungua mlango wa gari, nikangoja. Alitoka. Aliweka mguu mmoja kwenye ngazi, akautazama. Akauleta wa pili, akautazama nao. Nilimwachia nafasi ya kutosha kutazama.

Ndani alikataa viti vyote. Akaenda moja kwa moja nyuma, akaketi sakafuni mahali pa jeneza, miguu ameinyoosha.

Asenath alishika mdomo. "Si hapo, mama. Hapo si pa watu."

"Pazuri," Everline alisema. "Hakuna kusukumana."

Ilikuwa kweli. Nilitafuta kiti kimoja kati ya vile tulivyoving'oa, nikakirudisha pale kwa bolti mbili, kikawa chake. Siku za maiti nilikifungua tena.

Tulianza na abiria wawili, baadaye wakawa sita. Wa kwanza kupanda kule Ziwani alikuwa Maingi, kijana mnene mwenye shingo kama ya fahali, aliyejipa kazi ya kutangaza kona. "Kona inakuja," alisema, na kila mtu akashika kiti. Hakuwahi kukosea, kwa hiyo nami nikawa namsikiliza. Nilijifunza kufika saa ileile, kusimama mlango ukiwa upande uleule, na kutomshika mtu mkono kabla hajaunyoosha mwenyewe. Hakuna zaidi ya hayo. Si kazi ngumu. Ni kazi ya kungoja.

Mtaani walinisimanga. "Opicho, leo umebeba maiti wangapi wanaoongea?"

"Sita. Na wana adabu kukushinda."

Wengine hawakutania, walivuta watoto wao pembeni. Mama Mitchelle, jirani wa ukuta mmoja na Asenath, alikuwa na binti mdogo aliyependa kumpungia Everline mkono. Siku moja Everline alimpa yule mtoto nusu ya andazi lake, na Mama Mitchelle akalipokonya na kulitupa mtaroni. "Usile vya huyo," alisema, Everline akiwa amesimama pale pale. Everline alilitazama andazi likielea mpaka likazama.

Mwezi tuliopewa ulikaribia kwisha. Mzee Kweyu alinikuta njiani akasema, "Jumapili tunafunga mchezo huu." Nilimwambia Asenath. Hakulia. Alisema kufuli la zamani lilikuwa limeshika kutu kwa kukaa bila kazi, itabidi anunue jingine. Na kweli alinunua. Niliona limening'inia kwenye msumari mlangoni, linang'aa, funguo zake bado zimefungwa kwa waya wa dukani.

Alhamisi ya juma hilo nilifika karakanani mchana kuwachukua. Kalekye aliniita ndani. Alitaka kujua kama kuna njia yoyote ya kumlainisha mwenyekiti, nikamwambia labda kwa nyundo. Tuliongea kidogo. Nilipotoka, wote walikuwa wamepanda, Everline kwenye kiti chake cha nyuma, Maingi tayari anatazama mbele. Nikawasha gari tukaondoka.

Njiani niliona ajabu. Kwenye mzunguko wa Barabara ya Jogoo malori yalisimama yakanipisha. Mwendesha baiskeli aliyebeba kabichi alishuka, akavua kofia. Polisi wa barabarani alisimama wima kama mlingoti. Nikadhani Nairobi imepata adabu.

"Kona inakuja," Maingi akasema, tukaingia Shauri Moyo.

Nilisimama mbele ya mlango wa Asenath nikazima injini. Kabla sijashuka nilisikia ukemi. Mama Mitchelle alikuwa amesimama kibarazani, mikono kichwani, analia kwa sauti ile ya kwetu inayovuka nyumba kumi. Wanawake wengine walitoka mbio, mmoja ana unga wa ugali viganjani. Wakalizunguka gari.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Unatuuliza sisi?" Mama Mitchelle alisema. "Ni wewe umemleta. Mtoto wa watu, jamani, mtoto asiye na kosa. Mimi nilimtupia andazi lake."

Nikazunguka nyuma ya gari. Kwenye ngazi kulikuwa na riboni zote nyekundu, zimefungwa moja juu ya nyingine toka chini hadi juu, ncha zikitokeza pande zote mbili. Sasa nikaelewa. Mtaa wote ulijua Everline hukaa mahali pa jeneza. Umeona gari limekuja na riboni siku ya Alhamisi, limesimama kwake. Ungefikiri nini kingine?

"Hakuna aliyekufa," nikasema, lakini nani husikia maneno katikati ya kilio. Kuna mtu alikuwa ameshakimbia Gikomba kumwita Asenath.

Nilifanya nilichofanya kila siku. Nilifungua mlango nikangoja. Everline alikuja polepole. Aliweka mguu mmoja, akautazama. Akaweka wa pili. Kilio kilikatika, kwanza kwa walio karibu, kisha kwa walio mbali, mpaka ikabaki sauti ya redio katika nyumba fulani.

Everline alimwendea Mama Mitchelle, akashika ncha ya leso yake na kumfuta mashavu.

"Usilie," alisema. "Nani amekufa?"

Mama Mitchelle aliketi chini.

Asenath alifika bila viatu, mkononi ana gauni la mtoto, nadhani hakujua amelishika. Alimkagua binti yake usoni, mabegani, mikononi, kama anavyokagua nguo ya mtumba akitafuta palipochanika. Alipomaliza alianza upya.

Nyuma yake akaja Mzee Kweyu, anahema.

"Nani amefunga riboni pasipo msiba?"

Nilifungua mdomo nijibu, lakini Everline aliinua mkono. "Mimi."

"Huyu?" Asenath alisema. "Mzee, huyu hajui hata kufunga kiatu. Mimi ndiye humfunga."

Kweyu alishika riboni ya chini aifungue. Akavuta huku, akavuta kule, akatumia meno. Fundo halikusogea. Everline alimngoja amalize, kisha akashika ncha moja akaivuta, na riboni nzima ikaachia. Akaifunga tena, taratibu, vilevile alivyofundishwa kufunga kamba za katani.

"Kwa nini ulifunga?" Kweyu alimwuliza.

Everline alinyamaza. Mzee alitaka kuuliza tena, nikamwonyesha kiganja: ngoja. Naye, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akangoja.

"Siku ya baba," Everline alisema. "Hakuna honi."

Asenath ndiye aliyetueleza. Safari ya kumzika mumewe, Everline aliketi kando ya jeneza kutoka Nairobi mpaka nyumbani. Njia nzima hakuna gari lililotupigia honi. Hakuziba masikio hata mara moja. Asenath alidhani mtoto hakuelewa chochote siku ile.

Mzee Kweyu aliegemea gari. Halafu akawageukia wale wanawake, ambao sasa walikuwa wanatafuta njia ya kurudi makwao kimyakimya.

"Mnakwenda wapi? Mtu akililiwa naye yu hai, waliomlilia hawaondoki hivi hivi. Wanakula naye. La sivyo yale machozi yanazunguka yakimtafuta mwenyewe."

Mpaka leo sijui kama hiyo ni mila ya wazee au aliitunga pale pale. Hakuna aliyethubutu kumwuliza. Mama Mitchelle aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na jogoo. Nilimpeleka Maingi na wenzake Ziwani kwanza, na niliporudi, yule jogoo alikuwa sufuriani. Tulikula pale uwanjani. Everline ndiye aliyegawa ugali, kwa mwendo wake, na watu wazima wenye njaa wakashika sahani zao wakangoja. Mitchelle aliketi karibu naye, na mama yake akamwacha.

Jumapili mkutanoni Mzee Kweyu alisimama na fimbo.

"Niliwaambia gari litazoea," alisema. "Limeshazoea. Sasa mnataka nifanye nini?"

Akagonga fimbo chini.

"Ijumaa jioni mpaka Jumapili ni la marehemu. Siku nyingine liende na hao watoto. Na riboni za Ijumaa atafunga Everline, maana za Opicho huanguka zote kabla hatujafika Naivasha."

Hilo la Naivasha ni kweli, sikulibishia.

Jumatatu nilifika Shauri Moyo saa yetu ileile. Msumari ule mlangoni ulikuwa mtupu. Asenath aliniambia amelipeleka kufuli kwa jirani yake wa sokoni, wakabadilishana kwa viatu vya kamba, vya ngozi, vizima kabisa. Everline alikuwa ameketi kizingitini amevivaa, kichwa ameinamia mguu wa kushoto, vidole vinatafuta njia. Mama yake alikuwa amesimama kando, mikono ameifunga nyuma ili isije ikasaidia.

"Shemeji, utachelewa," aliniambia.

Nilizima injini.